Chipsi lumbesa

Jumapili, saa 4 usiku

Najua nimepotea mwezi mzima, na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, matokeo yenyewe bado hehehe. Mitihani ya semista imeisha Ijumaa, na kuanzia keshokutwa darasa letu la ualimu linasambaa nchi nzima kwenda mazoezi ya kufundisha, ile TP tunayoisubiri na kuiogopa kwa wakati mmoja. Mambo ya mitihani siandiki, anayetaka kulia alie kwake. Leo naandika chipsi.

Jana tulikuwa watu 23 uani kwetu Changanyikeni, masinia matatu, tukala kitu nilichokipa jina la chipsi lumbesa. Waliokuwepo wamenisumbua tangu asubuhi niandike nilivyofanya. Naandika, ila mtanivumilia, maana siwezi kuandika chipsi peke yake nikaacha yaliyokuja nazo.

Kwanza hilo jina. Mmeshaona siku hizi kwenye migahawa ya mjini, chipsi zinakuja zimefunikwa huzioni kabisa: jibini iliyoyeyuka, nyama ya kusaga, vitunguu, sosi za rangirangi. Ni mtindo wa Marekani, huko wanamwagia mpaka maharage yaliyopikwa na nyama na pilipili. Wakanada wa Quebec wana yao inaitwa poutine, chipsi na vibonge vya jibini halafu rojo ya nyama ya moto juu, kitu cha tangu miaka ya 1950. Sisi nasi hatuko nyuma bwana. Zege letu ni nini kama sio chipsi zilizobebeshwa mayai? Nairobi wana chipsi masala. Na Mzanzibari anayekuwekea viazi, bajia, kachori na mishkaki ndani ya bakuli moja la urojo utamfundisha nini? Kwa hiyo wazo lenyewe sio geni kwetu, kigeni ni bei tu. Sahani moja ya huko mjini mimi nakula siku tatu.

Sasa lumbesa. Kwa mliokulia mjini, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomo ukakataa kufunga, halafu likashonewa nyongeza juu kwa kamba, likawa kama limevaa kofia. Kwetu Njombe hayo ndiyo maisha ya mkulima wa viazi. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi akifika shambani anataka la kofia, na analipa bei ya gunia moja. Ile kofia ni ya bure. Ukikataa anakwenda kwa jirani, na viazi sio mahindi, huwezi kuviweka ghalani ukasema utauza mwakani. Mama yangu analima viazi. Ada yangu tangu sekondari imetoka kwenye viazi vilivyobaki baada ya kofia. Kwa hiyo nikisema lumbesa sijaokota neno barabarani.

Mwezi uliopita nilimpigia mama simu. Bumu lilikuwa limeshaisha, na mnajua mtu akipiga simu nyumbani bumu likiwa limeisha anavyozunguka. Nikauliza baridi ikoje, nikauliza ng'ombe, nikauliza mjomba na mguu wake. Mama akacheka, "Mwanangu, sema." Nikasema. Akanyamaza kidogo, akaniambia hela hana, bado hajauza, ila viazi vipo. Siku mbili baadaye napigiwa na kijana wa basi, dada mzigo wako umefika stendi ya Mbezi. Nikaenda nikakuta kiroba, kama kilo 30 hivi, kimeshonwa vizuri mdomoni, bila kofia. Nadhani mama alifanya makusudi.

Hapo ndipo nilipofaulia mitihani, kama nimefaulu. Viazi vya kuchemsha na chumvi asubuhi, viazi na mchicha jioni. Mnaosema nimenenepa, sababu ndiyo hiyo. Ila nikiwa naingia na kutoka na shibe yangu ya viazi, nikaanza kuona vitu ambavyo nilikuwa sivioni. Kwenye kundi letu la kujisomea, ikifika saa 7 mchana wengi wanainuka kwenda kantini. Kuna wawili watatu kila siku saa hiyo hiyo wanakumbuka wana kitabu cha kutafuta maktaba. Kila siku! Mtu anayeipenda maktaba saa 7 mchana tu, saa nyingine haipendi, huyo yuko kwenye pasi ndefu. Chai ya saa 5 ndiyo chakula cha mchana na ndiyo cha usiku. Naijua kwa sababu mwaka wa kwanza niliipiga mpaka nikaizoea.

Likaja suala la kuagana. Kila darasa linaagana kabla ya TP, na sisi mhasibu wetu wa darasa (kaka mmoja makini sana, anasoma Hisabati, mnamjua) akaweka pendekezo kwenye kundi la simu: kila mtu 5,000, tunaagiza chakula, na orodha ya majina itawekwa, ukitoa unawekewa alama ya vema. Mnazijua hizo orodha. Harusi orodha, msiba orodha, kipaimara orodha. Baada ya siku mbili wenye vema wako juu wanang'aa, na chini kuna majina saba yamekaa wazi kama meno yaliyong'oka. Halafu siku yenyewe hao saba wana dharura. Mmoja shangazi anaumwa, mwingine yuko Kibaha.

Nikampigia mhasibu pembeni. Nikamwambia kaka, viazi ninavyo mimi, kilo kama 20 zimebaki chini ya kitanda. Tupike wenyewe chipsi za kurundika, ila hiyo orodha iondoke. Akasema, "Dada, bila orodha watu hawatoi. Mimi ndiye mhasibu, nawajua." Tukabishana karibu nusu saa, salio lake. Mwisho tukakubaliana hivi: kopo la maziwa ya unga, mfuniko umetobolewa, linakaa mlangoni kwetu siku tatu. Ukipita unatia ulichonacho, huna unapita. Na mwenye kitu cha jikoni alete.

Tulipolifungua lilikuwa na 41,500. Noti mbili za 10,000 na sarafu mpaka za 100. Na kuna watu wenye simu za bei mbaya ambao nina uhakika hawakutia hata thumni, hapo mhasibu alisema kweli na nimeshamwambia. Lakini kijana wetu wa Kigoma alikuja na maharage kilo moja na kachupa ka mawese, mwingine akaleta vitunguu saumu na tangawizi, mwingine akaleta bizari nyembamba kwenye karatasi. Hela ya kopo ikanunua mafuta ya alizeti lita 3 kwa 16,500, nyama ya kusaga kilo moja 11,000, nyanya, vitunguu, hoho, karoti, kabichi, ndimu na pilipili 7,000, mtindi lita moja 3,000, mkaa 2,000, chumvi na siki 2,000. Imeisha yote, hakuna chenji. Jibini tuliangalia bei tukacheka tukapita.

Haya, kupika. Shika kalamu.

Viazi vyangu vilikuwa na tatizo moja la kwao. Mwezi wa 6 na wa 7 Njombe ni baridi haswa, na kiazi kikikaa kwenye baridi kali kinageuza wanga wake kuwa sukari. Ukikikaanga kinakuwa cheusi nje kabla hakijaiva ndani, na ladha ya uchunguuchungu. Watu wanasema viazi vibaya, kumbe vimepigwa baridi tu. Dawa yake ni kuviweka sehemu ya joto kama wiki mbili, sukari inapungua. Joto la Dar linaudhi lakini kwa hili linafaa. Vyangu vilikaa chini ya kitanda, kiroba kimefunguliwa mdomo vipumue, na gizani, maana kiazi kikipata mwanga kinakuwa kijani na hicho kijani kinakwenda pamoja na sumu ya solanini. Chenye kijani kidogo unakata sehemu hiyo kwa kina, kilichoenea kijani tupa, usimwonee huruma mkulima.

Na hii ya rangi sio urembo tu. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali vinatengeneza kemikali inayoitwa akrilamaidi, na kiazi chenye sukari nyingi kinatengeneza zaidi. Kwa hiyo toa chipsi zikiwa rangi ya dhahabu, usingoje kahawia. (Hiki kipande nakiiba kwa ajili ya somo la kabohaidreti huko TP, nani ataacha kunisikiliza nikianza na chipsi?)

Kwa watu 23 tulitoa kama kilo 14. Ukimenya zinabaki kama 12, halafu maji yakitoka kwenye mafuta unabaki na kama nusu ya hapo. Kata unene wa kidole chembamba, sentimita moja hivi, vyote vilingane. Osha, mwaga maji, osha tena mpaka maji yawe meupe, ule ugaunga ndio unaofanya chipsi zishikane na mafuta yachafuke. Vikae ndani ya maji yenye siki kidogo mpaka zamu yake ifike, siki inasaidia chipsi zisivunjike. Halafu kausha. Kausha jamani! Tulitandika khanga safi mbili mkekani tukavimwaga humo tukavipangusa. Tone la maji kwenye mafuta ya moto halina adabu.

Shida ya kukaangia umati ni kwamba mkupuo wa kwanza unapoa na kulegea wakati wewe uko mkupuo wa sita. Muuza chipsi anajua jibu lake, anakaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, nyuzi kama 150 hadi 160. Kipimajoto hatuna, ila ukichovya ncha ya mwiko wa mbao viputo vinatoka polepole. Dakika 6 hivi, chipsi zinalainika lakini bado nyeupe, unatoa unatandaza kwenye ungo. Hizo zinaweza kukaa zikakusubiri. Mara ya pili watu wakiwa wameshanawa mikono, moto mkali, nyuzi 180 hadi 190, ukichovya mwiko viputo vinakimbia. Dakika 2 au 3 zimekuwa ngumu nje, laini ndani, chumvi hapo hapo zikiwa zinang'aa mafuta.

Karai tulilitoa kwa mama mwenye nyumba, lile analokaangia maandazi. Tulimpigia magoti karibu. "Shikamoo mama." "Marahaba, mnataka nini?" Anatujua. Akatoa kwa masharti: mafuta yasipite nusu ya karai, mtoto asikae karibu, na mfuniko uwe pembeni, yakishika moto funika, usimwage maji. Halafu akavuta kigoda akakaa kusimamia mwenyewe. Mkupuo wa kwanza tulikwenda mara 16, karibu saa mbili, mkaa upande huu na gesi yetu ya kilo 6 upande ule na rojo.

Rojo ndiyo ilibeba kazi. Nyama kilo moja kwa watu 23 ni matusi, kila mtu angepata harufu. Maharage ya Kigoma ndiyo yalituokoa. Yalichemshwa tangu asubuhi, nusu nikayaponda, nusu nikayaacha mazima. Vitunguu vikakaangwa na mawese kidogo mpaka vikalainika, saumu, tangawizi, bizari nyembamba, karoti za kukwaruza, nyama ikaingia ikakauka maji yake kabisa, halafu nyanya nyingi mpaka mafuta yakaelea juu, ndipo maharage. Iache iwe nzito, mwiko usimame. Rojo nyepesi ni adui wa chipsi, ndani ya dakika mbili unakula uji. Mtindi nao nilikuwa nimeuning'iniza usiku kwenye kitambaa safi, maji yake yakachuruzika, ukabaki mzito kama siagi, nikatia saumu iliyotwangwa, chumvi na ndimu. Huo ndio ulikaa mahali pa jibini, na mimi naona ulikaa vizuri kuliko jibini, maana una uchachu unaokata mafuta. Kachumbari kamua maji. Nimemaliza.

Kupanga: usirundike vyote juu, wa chini watakula chipsi kavu. Chipsi, rojo, chipsi tena, rojo, ndio mtindi na kachumbari na pilipili. Ndiyo maana nikaita lumbesa, lilipanda mpaka likaanza kumwagika pembeni na mhasibu akapiga kelele "shona kofia, shona kofia!" Kijana wa mjini huyo, lakini nilikuwa nimemweleza.

Na sasa kuna kitu nataka kukisema, ila jina sisemi na msinipigie. Nimebadilisha na mambo mawili matatu ili msimtambue.

Katika wale wapenzi wa maktaba ya saa 7, mmoja alifika kwetu saa 3 asubuhi, wa kwanza kabisa, na kisu chake amekifunga kwenye gazeti. Tulikubaliana saa 5. Akakaa kwenye ndoo akamenya. Wengine walikuja wakamenya viazi vitano wakaanza kupiga picha, yeye akamenya mpaka kiazi cha mwisho, kisha akaosha, kisha akapangusa, kisha akakata kabichi nyembamba kama uzi. Hakuongea sana. Mtu ambaye hakutia kitu kwenye kopo ukimwangalia anavyofanya kazi utamjua, ingawa hakuna aliyekuwa anamwangalia kwa nia hiyo isipokuwa mimi, na mimi niliangalia kwa sababu mwaka wa kwanza nilikuwa ni mimi.

Ulipofika wakati wa kula, masinia yakatua mkekani, watu saba wanane kila moja. Nilishikilia masinia tangu mwanzo, kuna dada walitaka sahani ili ipendeze kwenye picha. Sahani nilikataa. Chipsi ni chakula cha kuhesabiana, kibandani kila mtu anajua zake ziko ngapi, na ukishika sahani mkononi unajipimia kwa dhamiri yako. Aliyetoa 10,000 atajaza, ambaye hakutoa atachukua nane na kipande cha nyanya, atasema hapendi mafuta. Sinia halina hesabu. Mkono unaingia, mkono unatoka, nani atajua.

Yeye alikuwa bombani anaosha sufuria. Nikamwita akasema, "Kuleni kwanza, mimi nimeshashiba harufu." Si mnaijua hiyo. Nilikuwa natafuta la kusema, mhasibu akanitangulia. Yule yule wa orodha. Akapaza sauti huku kinywa kimejaa, "Mwalimu, sinia letu lina pengo huku, njoo uzibe, hawa wa Fizikia wanatumaliza!" Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. Akaja. Mimi nikageukia karai, maana mtu akila kwa njaa hapendi kutazamwa. Nilipogeuka tena sinia lao lilikuwa jeupe na yeye anabishana na Fizikia juu ya kipande cha mwisho chenye nyama, anacheka, na alishinda.

Baadaye nikampigia mama, simu nikaiweka sauti kubwa, watu wote wakamsalimia kamwene kwa lafudhi mbaya ambayo sijapata kuisikia. Akauliza mmepika nini na viazi vyangu. Nikasema chipsi lumbesa. Kimya. Nikaogopa kidogo, nikajua jina limemkaa vibaya. Halafu akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Afadhali hiyo, wanaokula nawajua."

Mafuta yalibaki kama lita mbili, tukayachuja yakipoa, mama mwenye nyumba kachukua kwa maandazi ya leo, ni haki yake. Tulimpelekea na sahani yake kabla ya watu wote (yeye sahani anaruhusiwa). Maganda yalikwenda kwa ng'ombe wa jirani, yale ya kijani tulitenga tukatupa.

Viazi vilibaki kilo sita hivi. Jioni watu walipotawanyika yeye akabaki anafagia uwanja ambao ulishafagiliwa. Nikamwambia nisaidie jambo moja, mimi nasafiri Jumanne na hivi vitaniozea hapa chumbani, rumumeti wangu hali viazi. Hilo la rumumeti ni uongo, anavila vizuri tu, alikuwa kasimama mlangoni akaitikia kwa kichwa, Mungu ambariki. Yeye akaviangalia, akaniangalia. Akasema, "Nikusaidie kubeba tu?" Nikasema kubeba na kumaliza. Akasema haya. Yeye TP yake haiko mbali sana, ila anaanza kabla hela ya TP haijaingia, kwa hiyo viazi kilo sita ni wiki nzima mwenye hesabu akijipanga. Akajitwika kiroba begani akaondoka nacho, hakutaka kusindikizwa.

Mimi nimepangiwa shule ya sekondari huko mikoa ya kusini, mtandao sijui ukoje, nikipata nitaandika. Mhasibu yeye kapangiwa karibu na kwetu kabisa na ameshaniuliza kama mama anauza viazi kwa ndoo. Nimemwambia akafike aulize mwenyewe, ila asitaje kofia.

Leo mchana mama amepiga tena. Hakuuliza mitihani, hakuuliza safari. Kauliza kiroba chake kiko wapi, anakitaka, vya siku hizi ni vyepesi vinachanika. Nimemwambia mama, kiroba kimeenda TP.